Usichaji Seli Hizo Ukiwa Umelala

Mwanangu mpendwa,

Picha uliyonitumia nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila nikiitazama jicho langu halitui kwenye kibao chako kipya wala kwenye skrini ndogo inayoonyesha joto la chumba, bali linakimbilia pembeni, pale ulipozipanga juu ya kitambaa zile seli za lithiamu ulizozitoa kwenye betri za kompyuta za mpakato zilizokufa, mojawapo ikiwa imechunika ganda lake la plastiki hata chuma chake kinang'aa. Umeniandikia kwa furaha kwamba utaziunganisha uwe na pawabenki yako kabla hujahamia chuoni, na kwamba utakuwa unaichaji usiku ukiwa umelala ili asubuhi uikute imejaa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi niliyokuwa nayo nikakaa kuandika.

Usichaji seli hizo ukiwa umelala. Nakuomba kama mama yako, na pia kama mtu ambaye kwa miaka hii yote amelazimika kusoma mambo ya volti na ampea ili apate la kuzungumza nawe mezani.

Najua utanijibu kwamba kibao cha kuchajia kinajua wakati wa kuacha. Ni kweli, na nimekisoma. Kile kidude cha TP4056, chipu iliyo juu ya kibao hicho, kinasukuma mkondo usiobadilika mpaka seli inapokaribia volti 4.2, kisha kinaishikilia volti hiyo huku mkondo ukipungua pole pole hadi unakatika na taa inabadilika rangi. Lakini kinachofahamu ni volti tu. Hakijui kwamba seli iliyo mbele yake ilikaa miaka ndani ya kompyuta iliyotupwa, wala kwamba ilishuka karibu na sifuri na ikabaki huko. Seli iliyoachwa katika hali hiyo, shaba ya upande wake hasi huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba ile hurudi kujijenga mahali pasipo pake mpaka inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Mita yako ya kupimia umeme itasoma volti nzuri kabisa. Kinachotenganisha pande mbili za seli ni utando wa plastiki wenye unene wa mikromita zipatazo 20, na ukitoboka, joto huzaa joto, kimiminika kilichomo ni cha kuwaka, na upande chanya wenyewe hutoa oksijeni, ndiyo maana moto wa namna hiyo hauzimiki kwa kufunikwa blanketi.

Kwa hiyo ile seli uliyojisifu kwamba uliikuta na volti moja ukaishtua kwa kuiunganisha na nzima mpaka ikaamka, sikuipigia makofi. Itenge. Mafundi wenye busara hawafufui seli za aina hiyo, na wewe unalijua hilo kwa sababu ndiwe uliyenieleza mwaka jana, kwa kujiamini kabisa, kwamba chini ya volti mbili hivi seli ya lithiamu ihesabiwe imekufa. Sielewi kwa nini kanuni uliyonifundisha mimi haikuhusu wewe.

Lakini sitaki uidhani barua hii kuwa ya mtu asiyeona ulichokifanya. Kuisoma karatasi ya maelezo ya kidude na kugundua kwamba rezista, kile kijidude cha kubania mkondo, ya kiloomu 1.2 ndiyo inayoweka mkondo kuwa ampea moja, ukaing'oa na kuweka ya kiloomu 2 ili seli kuukuu zichajiwe kwa miliampea 580 hivi, ni kazi ya mtu mwenye subira, na rezista zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele. Nimewaonyesha watu picha ile, ingawa sina hakika walielewa wanachotakiwa kukishangaa. Baba yako alielewa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mita unayotumia ni ile ya njano. Ndiyo hiyo hiyo iliyokaa juu ya kabati muda mrefu, na aliyeiweka huko alikuwa na sababu zake, ambazo nikizitazama leo hazina uzito mkubwa.

Subira hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka kwenye seli. Chaji moja moja, mchana, ukiwa umekaa hapo hapo, juu ya sahani ya udongo au kigae na si juu ya godoro, na uiguse kila baada ya muda. Ikiwa ya moto, si vuguvugu bali ya moto, ichomoe. Zikishajaa, ziandike volti zake kwa kalamu kwenye ganda, uziweke kando wiki kadhaa, kisha uzipime tena, na ile iliyoshuka sana kuliko wenzake usiibembeleze. Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa kuwa haina raha yoyote, na ninakufahamu: unasoma aya tatu, unashika kisu, na kazi inaanza kabla maelezo hayajaisha.

Ukiziunganisha sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kumbuka kwamba moja ikiharibika zilizobaki zitamwaga umeme wao wote ndani yake bila kukuuliza, kwa hiyo ziwe na volti sawa kabla hujazigusanisha, na kila moja iwe na fyuzi yake. Angalia pia kibao chenyewe, kwa sababu vipo viwili vinavyofanana: chenye pedi, vile vidoa vya chuma vya kulehemia waya, za kutolea umeme zilizoandikwa OUT kando ya zile za B zinazokwenda kwenye seli huwa na kidude cha ulinzi kinachokata seli ikishuka mno, na kisicho nazo huiacha inyonywe mpaka tone la mwisho. Katika picha yako sikuweza kuona ni kipi. Na usilehemu waya moja kwa moja juu ya seli, kwa maana joto la chuma cha kulehemu huingia mpaka kwenye ule utando niliokutajia. Tumia vishikizi vya plastiki vyenye springi, hata kama pawabenki itaonekana nene na ya kizamani.

Umeniambia pia kwamba haya yote ni ya kupita, kwamba betri za sodiamu zinakuja, na zile zenye elektroliti yabisi, yaani zisizo na kile kimiminika cha kuwaka, zinakuja, na hofu yangu itakuwa historia. Huenda ikawa hivyo, na nafurahi kwamba unazifuatilia. Ila tazama mwendo wa hizi zilizopo. Stanley Whittingham alizianza katika miaka ya 1970 kwenye maabara ya kampuni ya mafuta ya Exxon, na lithiamu ile iliwaka mara nyingi hata kikosi cha zimamoto kikatishia kuitoza maabara gharama ya kemikali za kuzimia. Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na Tuzo ya Nobeli ya kemia ilikuja mwaka 2019, Whittingham akiwa pamoja na Akira Yoshino na John Goodenough, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 97. Miaka 25 baada ya kuingia sokoni, mwaka 2016, Samsung, pamoja na wahandisi wake wote, ililazimika kuzirudisha simu za Galaxy Note 7 kutoka kwa wateja kwa sababu ya betri kuwaka. Wewe una meza, kitambaa na mita ya njano. Kama unataka kitu kipya cha kujifunzia, zipo seli za lithiamu zenye fosfeti ya chuma, ambazo huvumilia zaidi joto na makosa. Lakini hizo hujaa kwenye volti 3.65, na ukizichaji kwa kibao chako cha volti 4.2 utaziumiza, kwa hiyo usizichanganye na zile nyingine hata kwa siku moja.

Tena chumba unachokwenda kukaa si chako peke yako. Wenzako wawili watalala humo bila kujua kilichopo chini ya kitanda chako, na hawakuombwa idhini. Ukitaka pawabenki ya kuchaji usiku, kanunue iliyotengenezwa kiwandani. Hii yako ichaji mchana ukiwepo. Sijui niliseme kwa namna gani nyingine.

Huku nyumbani, katika kusafisha droo yako nimekuta betri ya simu iliyovimba kama mto, imelala pamoja na misumari na funguo, chuma kikigusana na chuma. Nimeifunga ncha zake kwa utepe, nimeiweka kwenye kopo lenye mchanga nje ya nyumba, na sitaitupa pamoja na taka nyingine mpaka nimpate anayezipokea. Kama kuna nyingine umezificha, niambie ziko wapi. Bisibisi ndogo ya baba yako haionekani na anaamini umeondoka nayo. Dirisha la chumba chako limetengenezwa, sasa linafunguka, jambo ambalo lingefaa lifanyike wakati ule ulipokuwa unalehemu humo na moshi wa fluksi, ile dawa ya kulehemia, ukakaa kifuani mwako majuma mazima.

Mdogo wako ameihamia meza yako. Amewasha taa zake za LED zikawa zinapokezana kuwaka, na ameniita jikoni mara nyingi kuzishuhudia. Nimemruhusu betri za kawaida tu, za volti 1.5, na chuma cha kulehemu anakishika nikiwepo. Anasema ninambana kuliko nilivyokubana wewe, na sikubishana naye.

Kabla hujafunga mizigo, niandikie volti za kila seli, za siku ulipozijaza na za leo, pamoja na picha ya kile kibao kwa karibu ili nizione zile pedi. Ile uliyoishtua isiingie kwenye begi. Mdogo wako anauliza kama unaweza kumwachia rezista za omu 220, kwa sababu zile alizokuwa nazo zimekwisha.

Mama yako