Vitabu Vilishuka, Vitumbua Vilipanda: Barua kwa Dada Yangu wa Kisutu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kitabu kimefika. Yule kijana uliyempa hakukitia sandukuni. Amekishika mkononi tangu Dar mpaka mlangoni kwangu Leicester, Uingereza, yeye na kitabu na pakiti yako ya ubuyu. Baridi ilikuwa imemkaba hata salamu zako alishindwa kuzitoa. Nikamkalisha jikoni, nikampa chai ya tangawizi, na baada ya kikombe cha pili ndipo akaanza kueleza habari zako, za goti lako na za mjukuu.

Nakujibu hadharani kwa sababu maneno ni mengi, na kwa sababu watu wa mtaa wetu wametawanyika. Wako Toronto, wako Muscat, wako hapa hapa nyumba ya pili. Yapo mambo juu yako ambayo nataka wao pia wayasikie.

Kwanza nikueleze saa, maana bila hilo hutaelewa ninavyoishi miezi hii. Sisi tumelelewa na jua linalochomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, ukizidi au kupungua ni dakika kidogo tu. Hapa mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Saa kumi, Dada! Saa ambayo Kisutu, mtaa wetu wa Dar, watu ndio kwanza wanaamka usingizi wa mchana na kuteleka chai. Nikienda kazini ni giza, nikirudi ni giza. Miaka yote hii bado nahesabu kwa saa yetu, na kila Desemba naona kama nimenyang'anywa mchana wangu.

Giza hilo ndilo linalonisomesha. Baada ya chakula nazima taa zote, nabakiza ile ya kando ya kochi, najifunika blanketi hadi kifuani, nasoma.

*Peponi* nimeimaliza kwa siku nne. Nilikuwa nimekisoma zamani kwa Kiingereza, kile cha 1994, miaka mingi kabla Abdulrazak Gurnah hajapewa Nobeli ya Fasihi ya 2021. Nilikipenda, nikakirudisha maktaba, basi. Hiki ulichonitumia, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota, sikuweza kukisoma kimya. Nilijikuta natamka. Yule mtoto Yusuf anapochukuliwa kwao aende kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, kwa Kiingereza nilisikitika kama msomaji anavyosikitika. Safari hii neno lililonijia kichwani ni *rehani*, na rehani mimi nimeiona. Nimeziona bangili za mama zikienda kwa sonara mwaka ule duka lilipokuwa halina kitu, nikamwona mama jikoni anasukuma chapati na mkono mtupu, hausikiki ule mlio wake.

Halafu humo kitabuni kuna Kalasinga. Dada, nakuomba ukirudie tena sehemu zake. Katika hadithi nyingi za pwani Mhindi yuko nyuma ya meza ya duka, anapima mchele, anaandika madeni, hana zaidi ya hilo. Sisemi ni uongo, baba yangu alikuwa nyuma ya meza hiyo hiyo. Lakini Kalasinga ni fundi wa magari, mikono yake ina grisi, ana marafiki Waislamu anaobishana nao hadi usiku juu ya Mungu, na ana ndoto ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Mbishi, ana makosa yake, anaweza kuudhi. Lakini ni mtu kamili. Nilipofika kwake nikasimama, nikaenda dirishani kutazama mvua. Nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini nilipokutana kwa mara ya kwanza, kwa lugha niliyokua nayo, na Mhindi anayekaa barazani kama wenzake.

Mzee wa nyumba ya pili nimemsomea kurasa hizo. Yeye ni wa Kampala, alikuja 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Wakati huo halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Wakaja. Leo ukipita Barabara ya Belgrave utakuta sari madirishani, dhahabu, mithai, na mikahawa iliyoandika *mogo* kwenye orodha ya vyakula. Mogo ni mhogo wetu, Dada, wa kukaanga na pilipili. Hata baadhi ya Wahindi waliotoka India moja kwa moja wanauita hivyo, na wengi wao hawajui kwamba neno limepitia Uswahilini. Mke wa mzee, akisema Kigujarati chake, sufuria ni sufuria na fagio ni fagio.

Sasa filamu. Kuna moja ya mwaka 2013 inaitwa *The Lunchbox*, ya Ritesh Batra, ndani yumo marehemu Irrfan Khan. Nimeitazama mara tatu majira haya. Mumbai kuna watu ambao kazi yao ni kuchukua chakula cha mchana majumbani na kukipeleka maofisini, kazi iliyoanza tangu 1890. Chakula kinakwenda katika *dabba*, vile vyombo vya bati vinavyopangwa kimoja juu ya kingine (na *debe* letu limetoka humo humo). Mke mmoja kijana anampikia mumewe kwa moyo wote ili amrudishe karibu. Dabba linapotea njia, linafika kwa karani mjane anayekaribia kustaafu. Anakula, anakwangua mpaka chini. Wanaanza kuandikiana barua fupi ndani ya dabba, kati ya chapati. Karatasi kama hiyo kwa Kihindi ni *chitthi*. Litamke polepole, utasikia *cheti*.

Lakini kilichonitoa machozi si barua zao. Ghorofani kwa yule mke anaishi mama mmoja, hatumwoni uso hata mara moja, tunasikia sauti tu. Wanazungumza kupitia dirisha la jikoni. Viungo vikipungua, yule mama anateremsha kikapu kwa kamba.

Unakiona? Kile kikapu chetu cha ukindu chenye mshipi wa bluu uliokatika tukaufunga fundo. Mama anakiteremsha asubuhi kutoka ghorofa ya pili, ndani mna sarafu, chini mama yako ameshafungua karai la vitumbua, na wewe ndiye unayepokea, unahesabu, unapanga vitumbua juu ya karatasi, unavuta kamba mara mbili kuashiria tayari. Mimi ndiye ninayevuta. Tulijuana hivyo, kwa kuvutana kamba, kabla hatujasemezana neno.

Kisha yakaja majina ya darasa la saba. Nafasi za sekondari miaka ile zilikuwa chache mno, jina langu likawemo, lako halikuwemo, na wewe ndiye uliyekuwa na akili zaidi ya mimi. Nasema hili mbele ya watu kwa sababu ni kweli na sijawahi kulisema. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya sehemu, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unachora namba kwa kijiti ardhini. Siku ile hukulia. Uliuliza tu vitabu vya kidato cha kwanza vikoje. Wiki ya pili nikaweka cha historia katika kikapu, nikakiteremsha. Ikawa ndiyo desturi, vitabu vinashuka, vitumbua vinapanda. Vilirudi na alama za mafuta pembeni, na mwalimu alinifokea kwa ajili ya hizo alama, nikasema ni mimi nilikuwa nakula huku nasoma.

Na Jumapili tunakwenda sinema, Empire au Avalon, tukipata pesa ya tiketi. Wewe Kihindi hukijui, mimi nakijua nusu kwa kuwa nyumbani tulisema Kigujarati. Nakunong'oneza mama anavyomwambia mwanawe, na mara nyingi unanikatiza, "Nyamaza, nimeshaelewa, anamficha baba yake ni nani." Na kweli ndivyo. Ulikuwa unazisoma nyuso. Mpaka leo nikitazama filamu peke yangu, pakifika penye neno zito kichwa kinageuka kushoto chenyewe, kukutafuta.

Jumamosi iliyopita mzee wa Kampala alinitoa. Alisema nitaota ukungu humo ndani. Binti yake akatuendesha hadi Bradgate Park, nje kidogo ya mji, ekari zaidi ya 800 za majani na mawe na miti mikongwe. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, kila unyasi umesimama mweupe, na ukikanyaga unasikika kama unatafuna bisi. Wako ayala huko, wale wa Zaburi tuliowaimba kwa masista bila kujua mnyama mwenyewe anafananaje. Sasa nimewaona. Dume mmoja alikuwa amelala hatua kama thelathini kutoka njiani, pembe zina matawi, pumzi inamtoka kama moshi wa jiko. Mgongoni kwake umande ulikuwa umeganda vile vile, na yeye hana habari. Mzee alisimama, akavua kofia, akairudisha haraka kwa ajili ya masikio.

Katikati ya bustani pana magofu ya jumba la matofali mekundu. Aliishi humo msichana aliyeitwa Jane Grey. Walimtawaza malkia wa Uingereza Julai 1553, akakaa siku tisa tu, na Februari iliyofuata wakamkata kichwa, hajafika hata miaka 18. Hiyo ndiyo habari wanayoikumbuka wengi. Mimi naikumbuka nyingine. Mwaka 1550 mwalimu mmoja, Roger Ascham, alipita hapa kuaga, akakuta watu wote wa nyumba wametoka kuwinda bustanini, msichana yumo ndani peke yake anasoma Plato kwa Kigiriki. Akamuuliza kwa nini hayuko na wenzake. Akajibu kwamba furaha yao huko nje ni kivuli tu cha ile anayoipata yeye kitabuni.

Niliegemea ule ukuta, baridi ya matofali inapenya koti, mzee ananipa mogo uliofungwa kwenye karatasi ya fedha, bado una joto. Nikawa nakufikiria wewe na kitabu cha historia mapajani, mkono mmoja unageuza vitumbua kwa kijiti. Jane alikuwa na walimu. Wewe ulikuwa na kikapu.

Na sasa wewe ndiye unayeniletea kitabu mimi. Ukurasa wa 60 hivi kuna alama ya mafuta pembeni. Nimeinusa. Usiniambie ni ya nini.

Sasa, safari yako ya kuja huku. Usinunue koti huko, watakuuzia la mtumba lisilo na joto; nina mawili, moja linafika magotini. Niletee namba ya kiatu chako, nataka buti zikae tayari, na soksi za sufu jozi nne. Njoo Februari, siku zitakuwa zimeanza kurefuka, jua linafika mpaka saa kumi na moja na zaidi. *The Lunchbox* nitaitazama tena nawe, maandishi ya chini tutayafunika kwa kitambaa. Kama goti litakubali tutakwenda kwa ayala, njia ya kando ya mto ni tambarare. Goti likikataa tutakaa jikoni. Beba karai dogo la vitumbua, lile la mama yako kama bado lipo. Huku nimetafuta, sijapata lenye mashimo ya kina kile.

Mdogo wako wa ghorofa ya pili