Barua kwa mwanangu: simba wawili katika picha moja

Mwanangu Zuhura,

Picha ya katuni uliyopewa darasani huko Utrecht, Uholanzi, uieleze maana yake, imenifikia jana jioni, na jibu lako nimelisoma mara mbili. Umeandika kwamba ni mwanamke na wanyama wake wanaogombana. Hujakosea, mama, ila umeishia mlangoni.

Anza na kofia. Yule binti hakuitundika kwenye fimbo kwa sababu ya jua. Roma ya kale mtumwa aliyeachwa huru alivaa kofia, na Waholanzi wakaifanya alama ya uhuru wao. Binti mwenye fimbo hiyo ni nchi yenyewe, Uholanzi. Simba aliye ubavuni pake kashika mishale. Ihesabu, ni saba, idadi ya majimbo ya kaskazini yaliyoungana zamani dhidi ya mfalme wa Hispania.

Simba wa pili hana mishale. Huyo ni wa Brabant, yaani Wabelgiji, na ndiyo maana mwaka 1830 umeandikwa pale chini. Mwaka 1815 wakubwa wa Ulaya waliokutana Vienna waliwaunganisha kaskazini, yaani Uholanzi, na kusini, yaani Ubelgiji ya leo, chini ya Mfalme Willem wa Kwanza wa Uholanzi. Kusini kulikuwa na watu zaidi ya milioni 3, kaskazini kama milioni 2, lakini bungeni kila upande ukapewa viti 55. Deni la kaskazini, lililokuwa kubwa mno, likawa la wote. Waandishi wa kusini waliolalamika wakashitakiwa. Agosti 1830 watu wa Brussels wakatoka kwenye opera wakamwagika mitaani, na tarehe 4 Oktoba Ubelgiji ikatangazwa huru.

Sasa irudie picha. Viti 55 vimo? Deni limo? Hamna. Kuna simba anayeuma mkono uliomlisha, basi. Mchoraji amewachorea watu wa kaskazini waliokwisha kukasirika, na hilo ndilo nililotaka uliandike kwanza kabla ya kofia na mishale. Unaikumbuka ile kanga ya bibi yako? Mgeni aliyasoma maneno yake akayaona mazuri tu, lakini jirani wa ukuta wa pili alijua anasemwa yeye. Katuni hii nayo ina jirani yake, na usipomtafuta utabaki unasifia mistari.

Willem alikataa kuukubali uhuru huo mpaka mwaka 1839. Kwa hiyo usiandike kwamba ugomvi uliisha 1830.

Nipigie picha upya, mwanangu. Kidole chako kimefunika pembe ya chini kushoto, na naona kama manyoya ya ndege. Akiwa jogoo, huyo ni Ufaransa, ambayo Agosti 1831 ilileta jeshi kuwasaidia Wabelgiji, na hapo jibu lako litahitaji aya nyingine.

Mama yako