Viwanja vya ndege vya hifadhini navyo viwe na zimamoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hutajwa siku ndege inapopata ajali na kusahaulika mara abiria wakishafika salama hotelini, nalo ni maandalizi ya uokoaji katika viwanja vidogo vya ndege vilivyomo ndani ya hifadhi zetu.

Tarehe 28 Novemba 2023, ndege iliyotoka Zanzibar na watalii ilipata hitilafu ilipokuwa ikitua katika kiwanja cha Kikoboga, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ikaacha njia yake ya kurukia. Baadaye siku hiyohiyo ndege nyingine ya kampuni ileile nayo ikapata ajali palepale wakati wa kuruka. Hakuna aliyepoteza maisha, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, ingawa sidhani kama kushukuru kunatuzuia kuuliza ingekuwaje moto ungewaka.

Hitilafu ya magurudumu ikigundulika ndege ikiwa bado angani, rubani huwa na muda. Mbele yake zipo taa tatu za kijani zinazoonyesha kuwa magurudumu yameshuka, moja kwa kila gurudumu, na moja isipowaka hujaribu tena, hutumia njia ya dharura ya kuyashusha, hupita chini karibu na mnara ili waongozaji watazame, kisha huzunguka mpaka mafuta yapungue. Ndivyo ilivyokuwa Newcastle, Australia, tarehe 13 Mei 2024, ambapo ndege ndogo yenye watu watatu ilizunguka kwa takriban saa tatu, ikatua kwa tumbo kwenye lami huku magari ya zimamoto yakisubiri, na wote wakashuka wakitembea. Kwa jirani zetu Kenya, Oktoba 2019, ndege iliyopoteza gurudumu ikiruka kutoka Lodwar ilipelekwa Eldoret, penye uwanja wa kimataifa, ikatua salama.

Marubani hao walikuwa na pa kukimbilia. Hitilafu inayojitokeza ndege ikiwa tayari inatua haimpi mtu nafasi ya kuchagua uwanja. Atasaidiwa na kile kilichopo hapo alipoangukia. Katika viwanja vya kimataifa, taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka waokoaji wafike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Kutoka Morogoro mjini hadi Kikoboga ni zaidi ya saa moja kwa gari, na ndani ya hifadhi mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama. Tembo hapishi king'ora.

Sidai kila kiwanja cha hifadhi kijengewe kituo cha zimamoto cha kudumu, maana katika vingi vya viwanja hivyo ndege zinazotua kwa siku ni chache na gharama haitalipa. Ninachopendekeza ni kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) waweke sharti kuwa ndege ya abiria wengi isitue hifadhini kabla gari lenye maji na povu halijasimama kando ya njia, pamoja na askari wa hifadhi waliofundishwa kufungua milango ya ndege, kuzima moto na kutoa huduma ya kwanza. Askari wapo, na ratiba hujulikana mapema kwa kuwa safari nyingi za aina hii hupangwa na kampuni za utalii. Fedha zinaweza kutoka kwenye ada ya kutua. Wapo watakaosema bei ya safari itapanda, lakini mgeni anayelipa mamia ya dola kumwona simba kwa siku moja hawezi kuikimbia Mikumi kwa sababu ya dola mbili tatu za usalama wake.

Ningefurahi iwapo TCAA ingejibu kupitia gazeti hili ni viwanja vingapi vya hifadhini vyenye gari la zimamoto hivi leo, na ni vipi hivyo.

Msomaji wako,
Morogoro