Kwa vijana wa chesi wa Dodoma

Wanangu na wajukuu zangu, mbukwenyi.

Jumamosi iliyopita, katika mchezo wa mwisho, mmoja wenu malkia wake aliliwa. Akazifagia kete zote kwa kiganja, zikamwagika sakafuni, akatoka bila hata kumtazama mwenzake. Mwenzake, binti wa kidato cha pili, akabaki chini ya meza anaokota kete peke yake. Alikuwa ameshinda, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyegombezwa. Uso ule haunitoki.

Aliyefanya hivyo simtaji. Alikuja nyumbani, tukazungumza. Nawaandikia nyote kwa sababu tabia ile haikuanza kwake.

Wengi wetu tumekulia kwenye drafti la kijiweni. Pale kete inahondwa ubaoni, watazamaji wanafundisha, anayefungwa anazomewa, na kahawa inaendelea kunyweka. Ndio utamu wake, nami naupenda. Lakini kwenye mashindano ya chesi, sheria za shirikisho la dunia, FIDE, zinakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote, hata kwa kumwomba sare kila mara. Ukitaka sare, sogeza kete yako, tamka mara moja, bonyeza saa ya mezani inayopima muda wenu, kisha nyamaza umwache afikiri. Na saa ibonyezwe kwa mkono uleule uliosogeza kete. Nawaona wengine mkono mmoja unacheza, wa pili umeshaotea juu ya kitufe. Acheni.

Sasa hili la kugusa. Kete yako ukiigusa kwa kusudi la kucheza, na ina njia halali, utaicheza hiyo hiyo. Kama imekaa vibaya tu, sema "narekebisha" kabla ya kuigusa, siyo baada. Nina sababu ya kulisisitiza. Nilipokuwa mwalimu kijana nilicheza na mwanafunzi wangu. Nikamshika farasi, nikaona nikimsogeza tu ngome yangu inaliwa, nikamwachia na kusema nilikuwa namweka sawa. Yule mtoto alinitazama, akainamisha kichwa. Angesema nini mbele ya mwalimu wake? Nilishinda. Hakuja tena kucheza nami mpaka akamaliza shule, na sikupata kumwomba radhi.

Wakubwa nao hujikwaa. Mwaka 1994, huko Linares, Hispania, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alimweka farasi wake, akamwachia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, akamsogeza kwingine. Mpinzani wake alikuwa Judit Polgar, msichana wa miaka 17, naye hakulalamika pale ubaoni. Kamera ndiyo iliyoonyesha kwamba vidole vilikuwa vimeshaachia. Kasparov alishinda mchezo ule, lakini mpaka leo watu wanausimulia kwa ajili ya vile vidole.

Mimi hupenda zaidi kuwasimulia habari ya Reykjavik, Iceland, 1972. Boris Spassky alikuwa bingwa wa dunia akitetea taji lake. Katika mchezo wa sita Bobby Fischer alimfunga kwa ustadi mkubwa, ukumbi ukapiga makofi, na Spassky naye akapiga makofi pamoja nao. Taji lilikuwa linamponyoka, na bado aliweza kuona uzuri wa kazi ya mwenzake. Wanangu, kufungwa kunauma, najua. Ukiona huna njia, simamisha saa, mpe mwenzako mkono huku unamtazama usoni, kisha kaeni muupitie mchezo pamoja. Mwulize alipoanza kukuzidi ni wapi. Hakuna mwalimu atakayekuambia vizuri kuliko yeye aliyekufunga dakika mbili zilizopita.

Simu zizimwe kabla ya kuketi. Hilo mnalijua.

Jumamosi hii tunaanza saa tatu asubuhi. Meza ya kwanza ni ya wale wawili. Kijana ameniomba afike mapema, azipange kete za pande zote mbili kabla binti hajaingia.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Kikuyu, Dodoma