Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nafasi Yetu katika Takwimu za Lewiston

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama,

Mwaka huu kamati yenu imesoma takwimu za mji wetu wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kuliko mwaka wowote uliopita. Kila tulipoomba mkalimani wa Kiswahili, tuliulizwa: mko wangapi?

Mwaka 1970 Lewiston ilikuwa na watu 41,779. Viwanda vya nguo vya kando ya mto Androscoggin vilizidi kufungwa, vijana wakahama, na sensa ya 2000 ikakuta watu 35,690. Mwaka uliofuata Wasomali walianza kuhamia hapa, nasi wa Kongo, Burundi na Rwanda tukafuata. Sensa ya 2020 ilihesabu 37,121. Katika jimbo lenye wazee wengi kama Maine, watoto wetu ndio wanaojaza madarasa. Nayasema haya kwa fahari, maana bado wapo wanaotuona mzigo.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe hakionekani. Sensa ya kila miaka 10 haiulizi lugha. Inayouliza lugha, elimu na kazi ni dodoso la jamii ambalo Idara ya Sensa hulipeleka kila mwaka kwa kaya chache zilizochaguliwa, na nafasi ya kuandika lugha ya nyumbani ni moja tu. Wengi wetu tuliosoma Kongo huandika Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya vyeti vyetu, hata kama jikoni tunazungumza Kiswahili kutwa. Hapo tunahesabiwa pamoja na wajukuu wa watu wa Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, waliokuja kufanya kazi viwandani. Nawasihi: andikeni lugha mnayoongea na watoto wenu.

Elimu nayo vivyo hivyo. Dodoso linauliza kiwango ulichohitimu, popote ulikosomea. Shahada ya Bukavu au Bujumbura ni shahada, hata kama mwajiri wa hapa hajaitambua. Msijishushe hadi sekondari.

Kwenye ajira, tuzisome namba kwa uangalifu. Asiye na kazi kwa kawaida huhesabiwa kuwa hana ajira pale tu anapokuwa ameitafuta katika wiki nne zilizopita. Mwomba hifadhi, ambaye kisheria hapewi kibali cha kazi kabla ya siku 180 tangu awasilishe ombi, mara nyingi hatafuti, kwa hiyo hayumo kabisa katika asilimia ya wasio na ajira. Tukiwaona viongozi wa mji, tuzungumzie kundi hili, kwa kuwa ndilo linaloumia zaidi kwa kodi ya nyumba.

Wanaoogopa dodoso wajue kwamba sheria inakataza Idara ya Sensa kutoa majibu ya mtu kwa polisi au uhamiaji. Ukiletewa, mwambie mjumbe wa kamati. Tutakaa nawe, tujaze pamoja.

Mwenyekiti