Shoga, hiyo blogu usiifunge kwanza

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto limetukaba, na wingu la vuli kila siku linatutishia tu halafu linapita zake baharini. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikaurudia usiku nyumbani, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Unasema blogu imelala tangu Ramadhani, kila ukiifungua unaona haya, na sasa unataka kuifunga kabisa kwa kuwa huna nidhamu kama mimi. Hapo nilicheka peke yangu. Nidhamu, mimi? Muulize mama nani alikuwa akiitwa mpaka sauti inamkauka ndipo ainuke kuosha vyombo.

Nikwambie ninavyoona. Wenye ratiba zimebandikwa ukutani ndio niliowaona wakiacha mapema. Jumatatu mapishi, Jumatano mahojiano, Ijumaa picha. Mwezi wa kwanza moto, wa pili vuguvugu, wa tatu wanawaomba radhi wasomaji kwa kupotea, na hiyo radhi ndiyo posti ya mwisho. Nguvu ya soda. Siigombi ratiba, ila ratiba haijawahi kumtia mtu hamu ya kujua jambo, na blogu inayodumu nyuma yake kuna mtu mmoja asiyetulia mpaka ajue. Mmbea, tuseme ukweli, ila umbea wake ni wa vitu na kazi za watu, si wa nani kaachika na nani kaolewa. (Na huo mwingine tunaufanya, lakini hauwekwi mtandaoni.)

Mimi mkonge niliuanza hivyohivyo, kwa umbea. Tangu udogo tukienda Muheza nilikuwa nauona dirishani, mistari kwa mistari, na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi. Siku nimesoma kuwa mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nilishika mdomo. Sitini na mbili! Kilimo kizima kilicholisha mji huu, kikajenga magodauni yote yale ya bandarini, kilianzia kwenye miche ambayo wewe na mimi tungeibeba kwa mikono. Nikaandika aya tatu nikaposti. Ilitakiwa iishie hapo. Lakini ukishajua hilo, utajizuiaje kuuliza walioukata ni nani? Ukiuliza, unaambiwa manamba, vibarua walioletwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea, wengine wakivuka kutoka Burundi na Rwanda. Haya, walilala wapi? Walikula nini? Kwa nini wengine hawakurudi kwao? Miaka imepita na bado sijamaliza.

Kuna mzee mmoja, fundi mstaafu wa korona, aliyenikalisha barazani kwake asubuhi nzima. Korona ni ile mashine ya kukamua mkonge, nadhani uliwahi kuiona tulipokwenda na shule. Majani yanaingia upande mmoja yakivutwa na mnyororo, ngoma zenye visu butu zinaponda nyama ya jani, maji yanamiminika juu yake, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, bado mbichi, zina rangi ya kijani iliyofifia. Katika kila jani, singa ni kama asilimia nne tu ya uzito. Zinazobaki zote ni maji na makapi. Mzee akaniambia hakuwa akiiangalia mashine, alikuwa anaisikiliza. Visu vikikaa vibaya inalia namna moja, jani likikwama inalia namna nyingine. Akanifanyia zile sauti kwa mdomo, macho amefumba, mkono mmoja juu ya goti unapiga mapigo, wajukuu wanakufa kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nikahangaika kuiandika ile sauti kwa herufi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwishoni nikaandika kwamba wajukuu walicheka, ikatosha.

Sasa sikia kilichotokea. Ile posti, watu walioisoma mwezi wa kwanza wangeenea kwenye bajaji moja, na dereva akiwemo. Nami sikuumia sana, maana niliipenda. Ikakaa. Mwaka 2020, Machi, nafungua nakuta wasomaji wanamiminika. Moyo ukanipasuka kwa furaha, nikasema leo Tanga imetambuliwa! Kumbe watu wanatafuta dalili za korona, mtandao unawaleta kwa mzee wangu na mashine yake. Mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama maji ya mkonge yananywewa au yanafukiziwa. Nikalazimika kuandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba hapa pazungumzwa mashine, ukiwa na homa nenda hospitali. Wengi waliondoka walivyokuja. Lakini mmoja alikuwa mtoto wa mkata mkonge, yuko Morogoro siku hizi, akasoma hadi chini, akaniandikia kuhusu baba yake. Mpaka leo ananitumia picha za zamani, za harusi, za timu ya mpira ya shamba, za watu wamesimama mbele ya marobota. Huyo mtu nisingempata kwa kuhesabu wasomaji wa wiki.

Ndiyo maana nasema tabia ya kwanza ni umbea, na ya pili ni kuweza kukaa kwenye ukimya bila kununa. Umeandika, hakuna aliyesema lolote, unakula chakula chako cha usiku unalala. Anayeandika ili apigiwe makofi atachoka, si kwa ubaya wake, ila makofi yana zamu na zamu ya mtu haijulikani ni lini. Hilo nakupa moyo kwalo, maana wewe umefanya kazi ya zamu za usiku wodini, ambako mgonjwa akipona anamshukuru daktari. Kama kuna mtu amezoea kutokushukuriwa ni muuguzi.

Kinachokuangusha wewe nakijua, na usinikasirikie. Posti zako ni ndefu mno. Ile ya dagaa ilikuwa nzuri, sikatai, lakini ilikuwa na utangulizi, historia, aina, namna ya kuanika, bei ya msimu, mapishi, na hitimisho. Mtu anayetoka zamu saa mbili asubuhi ataiandika saa ngapi nyingine kama hiyo? Umejiwekea kipimo cha tasnifu, halafu unajiona mvivu kwa kushindwa kuandika tasnifu kila wiki.

Unamkumbuka Michuzi, tulivyokuwa tukigombania kompyuta pale intaneti kafe ili tuone nani katoka leo? Yule alikuwa mpigapicha wa gazeti. Mwaka 2005 yuko Helsinki kwenye mkutano, Ndesanjo Macha akamwonyesha namna ya kufungua blogu. Ndesanjo mwenyewe alikuwa tayari anaandika blogu yake, Jikomboe, kwa Kiswahili, wakati wengi tulidhani intaneti haijui Kiswahili. Angalia Michuzi alifanya nini: alichukua kile ambacho tayari alikuwa anakifanya kila siku, picha, akaiweka na mistari miwili mitatu ya maelezo, yenye utani wake. Basi. Hakujibebesha kazi ya pili juu ya kazi. Kamera alikuwa nayo begani hata kama blogu isingekuwepo. Naamini hapo ndipo siri ya kudumu kwake ilipo, kuliko kipaji, ingawa na kipaji anacho.

Wewe unapita soko la samaki la Kirumba, huko Mwanza, kila ukitoka kazini. Unapita hata bila blogu. Chukua kitu kimoja tu, ndoo moja, mtu mmoja, bei moja, andika ukiwa kwenye daladala, posti kabla hujalala. Usipokipenda kesho, kesho utaandika kingine. Uwezo wa kuachia kitu ambacho hakijakamilika ni tabia pia, na wenye maandishi mazuri mara nyingi hawana. Nawajua watu wawili hapa mjini wanaoandika kunishinda mbali, na blogu zao zina posti chache sana, kwa sababu kila moja ilisuguliwa mpaka ikatoboka.

Kuhusu uso mkavu sina mengi, unao. Shangazi kila Idi ananiuliza mbele za watu blogu inaniingizia shilingi ngapi, nami kila Idi namjibu inanigharimu, na kila mwaka anashika kichwa upya. Nakushauri nawe usiipeleke hesabu yako kwenye fedha mapema. Ikija, alhamdulillahi. Lakini ukiandika leo kwa kutarajia tangazo la kesho, utajikuta unaandika kuhusu wanamuziki na mapenzi yao, na samaki wako watakuwa wameoza.

Kulipia jina la tovuti kwa wakati, kuhifadhi nakala za posti mahali pengine, hayo ni ya kawaida, fanya kama unavyolipa king'amuzi.

Halafu kuna kuacha. Kuacha si dhambi, shoga. Ulipokuja ule mwaka 2018 na kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa alipe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Wengi tuliokuwa wadogo tulinyamaza. Mimi nilirudi kwenye daftari, lile jekundu la mistari, nikaendelea kuuliza wazee na kuandika, bila mtu kusoma hata mstari. Blogu ilizimika, udadisi haukuzimika, na niliporudi mtandaoni nilikuwa na mambo ya kusema kuliko wakati wowote. Nilichojifunza hapo ni kwamba wasomaji wanasamehe ukimya upesi kuliko tunavyojisamehe wenyewe. Kuna Mmarekani anaitwa Jason Kottke, ana blogu tangu 1998, hebu fikiri, sisi tulikuwa bado tunachora kwa kalamu za rangi. Mei 2022 aliwaambia watu wake wazi kwamba amechoka, anakwenda kupumzika. Akaenda. Mwishoni mwa mwaka huohuo akarudi, akaendelea alipoachia. Hakuandika barua ya msiba. Wewe umelala tangu Ramadhani tu na unataka kusoma hitima!

Kwa hiyo jipime kwa hili moja, sitakuuliza lingine. Ile posti ya mwisho uliyoikatia njiani, ya mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwake. Uliandika kwamba mfanyabiashara mmoja pale Kirumba anayapima mabondo kwenye mzani mdogo wa vito, wakati minofu anaipima kwenye mizani ya jukwaa, na kwamba mabondo yakikauka yanasafiri mpaka China yakapikwe supu. Ukaishia hapo. Anayapangaje madaraja? Ya jike na ya dume yana bei moja? Anajuaje bondo halijakauka sawasawa, kwa kulishika, kwa kulipiga mwanga, kwa kulinusa? Na wavuvi wenyewe, wanajua kule yanakoishia yanauzwaje, au mzani mdogo ule unatazamwa na mtu mmoja tu? Mimi sijui, na inaniudhi.

Ukisoma maswali hayo ukaona usingizi, basi funga blogu kwa amani, wala sitakulaumu, kuna mambo mengi mema ya kufanya duniani. Lakini kama umeanza kunijibu kichwani kabla hujamaliza aya, unajua la kufanya ukitoka zamu.

Na usiniandikie yote. Niandikie la mizani tu kwanza, na picha yake, hata ya simu, hata iwe na kidole chako pembeni.

Machungwa ya Muheza nimempa utingo wa basi la Jumamosi, kiroba kimefungwa kwa kamba ya mkonge, jina lako nimeandika kwa wino mweusi. Mpe utingo chochote kidogo, maana nimemwahidi. Na umwambie shemeji safari hii asiwagawie majirani kabla wewe hujarudi kazini.

Wako wa siku zote,
shoga yako wa Chumbageni