Somoe, usinipime kwa simu

Newala, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Natumaini u mzima pamoja na watoto. Huku korosho zimeanza kudondoka, mama yako anashinda shambani kuokota, na mimi nimerudi kwenye mizani pale ghala la chama. Nakuandikia kwa sababu ya lile ulilosema juzi: "Baba, mbona bibi yuko vizuri tu? Tumeongea nusu saa, kanisimulia hadi unyago wa shangazi." Nilinyamaza kwa sababu alikuwa amekaa jirani yangu.

Kwenye simu bibi yako ni mzima kabisa, na hapo ndipo penye kazi. Unyago wa shangazi yako anao kichwani tangu zamani, haujaguswa. Kinachopotea ni cha leo asubuhi. Daktari alinieleza kwamba mara nyingi ugonjwa huu wa bibi yako, demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili polepole, huanza na ile sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, ndiyo maana mtu anakutajia majina ya wote aliocheza nao utotoni lakini hajui kama amekula. Wewe unapiga, anakupa ya kale, unafurahi, unakata. Dakika tano haziishi ananiuliza, "Somoe kimya, kuna nini huko?"

Usijilaumu. Sisi tunaolala naye nyumba moja ndio tuliochelewa zaidi.

Unamjua bibi yako kwenye kubangua. Bati lililotobolewa, korosho zinashika moto, anazimwagia mchanga, zikipoa anapaka majivu mikononi ndipo anaanza kugonga. Majivu hayo alitufundisha kwa makofi, kwa kuwa mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Msimu wa mwaka juzi nikamkuta anabangua mikono mitupu, vidole vyeusi, ngozi inabanduka. Nikamuuliza, "Mama, majivu je?" Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. Halafu akacheka, nami nikacheka. Kusahau ufunguo ni kwa kila mtu. Mimi mwenyewe natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Lakini kazi uliyoifanya tangu usichana, hatua moja ya katikati inyofoke, hilo halikuwa la kucheka.

Kisha likaja la fedha, na hili linaniuma mpaka leo. Malipo ya mnada yalipoingia benki nilimpa fungu lake mkononi. Siku ya tatu hazionekani. Akasema kachukua mama yako, akataja na saa, akataja na khanga aliyokuwa amevaa. Mwanangu, nilimfokea mama yako mbele ya majirani. Wiki ya pili tukazikuta ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, zimeviringishwa kwa karatasi ya stakabadhi. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba kushuku watu wa ndani ni moja ya dalili: anaficha kitu, anasahau kwamba amekificha, akili inatafuta mwizi. Mama yako amenisamehe. Kusahau hajasahau, yeye kumbukumbu zake ni nzima.

Mengine tuliyaona tukayapita. Swali moja mara nne kabla chai haijapoa. Kata akaanza kuiita "kile cha kuchotea". Akaacha kwenda kwenye kikoba chake, akidai wanawake wale wamekuwa na maneno mengi. Siku moja akapotea njia ya kutoka kisimani, njia ambayo ng'ombe angeifuata usiku. Jirani mmoja akasema karogwa, mwingine akasema uzee. Na zahanati tuliyoanzia wakampa dawa ya malaria bila kumpima, wakasema umri huo tumvumilie.

Mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa na akili zake leo hajui alipo, usimngojee. Huenda ni malaria kweli, au mkojo umechafuka, au kaanguka akagonga kichwa, au kiharusi. Huyo anapelekwa siku hiyohiyo. La bibi yako lilikuja polepole kwa miezi.

Daktari wa hospitali alikaa naye karibu saa nzima. Alimpa maneno matatu ayashike, wakapiga soga, akamrudisha kwenye yale maneno, likarudi moja. Mimi akaniita kando: "Kitu gani alikiweza mwaka jana ambacho leo hakiwezi?" Hapo yale majivu yakanijia. Akapima sukari, akataka damu ipimwe tezi la shingo na vitamini B12, akauliza kila kidonge anachokunywa, kwa kuwa kuna kusahau kunakotokana na mambo hayo na kunatibika. Presha ilikuwa 180 kwa 100. Vidonge vyake alikuwa ameviacha, na hakuna kati yetu aliyejua. Mwisho akasema ni demensia. Dawa ya kuiponya hakuna, ila presha ikishikwa na siku zake zikienda kwa utaratibu, anaishi vizuri zaidi. Aliniambia pia kwamba kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba na kukuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Basi si sisi peke yetu, wala si uchawi.

Wewe una miaka 41. Mabadiliko kwenye ubongo yanaweza kuanza miaka 20 kabla ya dalili, na presha ya umri wako ni deni linalolipwa uzeeni. Pima. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lilitaja mambo 14, likasema yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeepushwa au wangecheleweshwa: presha, sukari, sigara, pombe, kukaa bila kutembea, upweke na kadhalika. Mume wako avae helmeti kwenye pikipiki, kichwa kilichogongwa nacho kimo humo. Lililonishtua mimi ni masikio. Asiyesikia anajitenga, na ubongo usiosemeshwa unalala. Nimekuwa nikiitikia "eeh" nisichokisikia tangu mwaka jana, mama yako ni shahidi. Mwezi ujao nakwenda kupimwa. Jioni nimerudi kwenye bao barazani, ingawa vijana wananifunga vibaya.

Sasa ombi langu. Usinipime kwa simu. Njoo ukae siku tatu. Niangalie nikihesabu fedha, nikijaza daftari la mizani, niulize jana tulikula nini. Ukiona kitu, niambie, na mwambie mama yako. Nitakataa. Nitakuja juu, nitasema unanifanya mtoto. Nipeleke hivyohivyo, na barua hii uwe nayo mkobani unionyeshe mwandiko wangu.

Bibi yako yuko hapa mgongoni, ananiuliza kwa mara ya tatu naandika kwa nani. Nimemwambia, "Kwa Somoe."

Amecheka. "Somoe si mimi?"

Baba yako